Subirini "Ila": Hotuba kwa Wanafunzi wa Unasihi Wanaokwenda Vituoni

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanangu wa mwaka wa pili ambao Jumatatu mnaanza mafunzo kwa vitendo: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu nadharia za unasihi, yaani ushauri nasaha, na namna zinavyofanya kazi pale mtu anapokuwa amekaa mbele yako. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Lakini asubuhi, wakati wa chai, binti mmoja wenu alinifuata akaniuliza swali, nikaona nikilijibu hilo nitakuwa nimefanya nililoitiwa. Aliniambia: "Mama, tumesoma Freud, tumesoma Rogers, Beck, Ellis, Frankl. Mitihani tumefaulu. Sasa mimi nimepangiwa zahanati ya kijijini. Watu watakuja na njaa, na ugomvi wa mashamba, na wajukuu walioachiwa bibi. Hawa Wazungu nitawatumia wapi?"

Hao aliowataja ni madaktari na wanasaikolojia waliobuni nadharia tunazowafundisha. Alikuwa na hofu, na hofu yake ina haki. Nitamjibu mbele yenu wote.

Mwaka 2004 niliajiriwa kuwa mnasihi katika kituo cha kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Kwa watu wa rika langu hapa nchini, unasihi kama kazi ya mshahara uliingilia mlango huo. Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 shirika la WAMATA likaanza Dar es Salaam kuwasaidia walioathirika na familia zao. Mwaka 2001 vituo vya ANGAZA, vya kupima virusi kwa hiari, vikaanza kufunguliwa, na pakawa na haja ya watu wengi, kwa haraka, wa kukaa na mtu kabla ya kipimo na baada yake. Nikawa mmoja wao. Nilipewa mafunzo ya wiki chache, chati ya ukutani, na chumba chenye meza moja na viti viwili.

Wiki ya pili akaingia mama mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike, na ninyi mfanye hivyo kila mnapotoa mfano. Nikampa majibu yake. Alikuwa ameshika pindo la khanga, akaanza kulikunja, akalikunja tena na tena mpaka likawa jembamba kama kamba. Hakulia. Alisema neno moja: "Sawa." Hapo nikaanza kusema. Nikamwambia siku hizi si kama zamani, dawa za kufubaza virusi zimeanza kutolewa bure, wapo wanaoishi nao miaka na miaka, ale vizuri, asikate tamaa, Mungu yupo, na safari ijayo aje na mume wake. Hakuna uongo hata mmoja katika niliyoyasema. Nilisema kama dakika ishirini. Aliposimama, lile pindo likajikunjua taratibu. Akasema, "Ahsante dada, nimeshukuru," akaondoka. Hakurudi. Kadi yake ilikaa kwenye droo yangu mpaka nilipohamishwa.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba mama yule aliogopa unyanyapaa. Huenda. Lakini nilipokwenda kusoma fani hii sawasawa ndipo nikaelewa kilichotokea chumbani mle. Dakika ishirini zile nilikuwa najitibu mimi. Ukimya wake ulinitisha, nikaufunika kwa maneno mazuri. Hakupata nafasi ya kusema hata jina la kitu alichokuwa anakiogopa. Mpaka leo sijui kama ni mume, au watoto, au kifo, au aibu ya mama mkwe. Sikuuliza.

Kwa hiyo, binti yangu, jibu langu linaanzia hapo. Kazi ya kwanza ya nadharia ni kumzuia mnasihi. Kabla haijamsaidia aliyekuja, inakushika wewe: ulimi wako, huruma yako ya haraka, dini yako, ndoa yako, ulivyolelewa. Mtu asiye na nadharia hawi mtupu. Anatumia ile aliyopewa na shangazi yake, na hajui kwamba anaitumia. Mimi mwaka 2004 nilikuwa na nadharia kamili kichwani, isipokuwa haikuwa na jina: kwamba mtu mwenye huzuni ni mtu aliyekosa taarifa na kutiwa moyo. Nikamjaza vyote viwili.

Tulitazame kidogo neno letu lenyewe. Tunasema ushauri nasaha, tunasema unasihi. Nasaha limetoka katika Kiarabu, na wajuzi wa lugha hiyo wanaeleza kwamba shina lake linagusa pia kazi ya ushonaji, kuunganisha nguo iliyochanika. Mimi naipenda maana hiyo kuliko ile tuliyoizoea. Fundi cherehani anayejua kazi yake haanzi na uzi. Anaichukua nguo, anaigeuza ndani nje, anaipitisha kidole mahali palipochanika, anauliza, "Hii ilikamatwa na nini?" Sisi tulivyolelewa, nasaha ni maneno yanayotoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Somo anamfunda mwali. Kungwi anasema, mwari ananyamaza. Mzee wa baraza anakata shauri. Siwadharau hao hata kidogo. Nimefundwa, na mengi niliyofundwa yamenifaa. Lakini kufunda kunampa mtu njia iliyokwisha kutengenezwa na jamii nzima. Anayekuja kwako mara nyingi ameshapewa njia hiyo. Ameshafundwa na somo, na mchungaji, na mjomba. Amekuja kwa sababu yamebaki yasiyosemeka kwa hao wote.

Sasa niwaambie habari ya Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani, sehemu ambayo pengine hamkuulizwa kwenye mtihani. Mnajua masharti yake matatu: kuhisi pamoja na mtu kana kwamba uko ndani ya ulimwengu wake, kumpokea bila masharti, na kuwa mkweli, nje na ndani yako kuwe kumoja. Aliyapanga katika makala ya mwaka 1957. Lakini hakuyatoa hewani. Miaka 12 alifanya kazi na watoto waliokuwa na matatizo katika mji wa Rochester, Marekani. Akasimulia baadaye kwamba alikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mtukutu. Rogers alikuwa ameshajua tatizo: mama alikuwa amemkataa mtoto tangu mdogo. Kila wakikutana, akawa anajaribu kwa upole na uvumilivu kumwonyesha mama yule ukweli huo. Haikwenda. Mwishowe akamwambia, tumejaribu wote wawili, naona tumeshindwa, tuachane kwa wema. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaenda mlangoni. Akageuka akauliza: "Hivi hapa huwa mnawapokea na watu wazima?" Rogers akajibu ndiyo. Mama akarudi akaketi, akayamwaga ya ndoa yake, uchungu wake, kushindwa kwake, kitu tofauti kabisa na ile historia safi aliyokuwa ameitoa mwanzo. Rogers anasema siku ile alianza kuelewa kwamba ni mwenye tatizo ndiye anayejua panapouma na pa kuelekea.

Tazameni palipo ufunguo wa kisa hiki. Mama alisema neno lake akiwa mlangoni. Alisema mtaalamu aliposhindwa na kuacha kueleza.

Kwetu hali hii ina sauti yake, nanyi mnaijua tangu mlipojifunza kuongea. Mtu akiulizwa "Habari yako?" anajibu "Nzuri." Amefiwa, anajibu nzuri. Ametoka hospitali, nzuri. Lugha yetu haimruhusu aanze na baya; ni adabu, ni kumlinda anayeuliza. Kisha, ukimwachia nafasi, linakuja neno dogo sana: "ila." Nzuri, ila mtoto anasumbua kidogo. Salama, ila huyu baba yao siku hizi sijui ana nini. Tupo tu, ila usingizi ndio hakuna. Unasihi wa Kiswahili unaanzia kwenye "ila". Maneno yote yaliyotangulia ni mkeka uliotandikwa. Na "ila" haivutwi kwa kamba. Ukiuliza maswali kumi mfululizo kutoka kwenye fomu, umeifukuza. Ukijaza ukimya kwa wosia, umeifukuza. Mama wangu wa khanga alisema "sawa", nami sikusubiri kilichokuwa nyuma ya "sawa".

Jumatatu mtakaa vyumbani mtasikia kitu kinawasukuma mseme "pole". Semeni. Ukimnyima mtu pole utakuwa umemvunjia heshima. Hakuna nadharia inayokutaka uwe Mzungu. Lakini isemeni pole moja, yenye uzito, mnyamaze. Tatizo ni pole zinazofuatana kama mvua, pole sana mama, pole jamani, ni mapito, ni mapenzi ya Mungu, maana pole ya tatu inafunga mazungumzo. Tumeizoea msibani, ambako watu mia wanapita na kila mmoja hana budi kusema kitu aondoke. Wewe hupiti. Wewe umekaa.

Na kuna neno lingine ambalo nawaomba mliache getini, nalo ni "jikaze". Vijana wa kiume wanaokuja kwetu wameambiwa jikaze tangu wakiwa na miaka minne. Kijana akikaa mbele yako akaanza kutetemeka midomo, ameshavuka mto mkubwa sana kufika hapo. Usimrudishe ng'ambo.

Nisiseme kana kwamba Rogers anatosha, maana hatoshi, na mtaumbuka mkidhani hivyo. Mlifundishwa kurudisha maneno ya mteja kama kioo. Kijana wetu mmoja wa mafunzo alifanya hivyo kwa mzee aliyetoka mbali. Mzee akasema, "Mwanangu hanisikilizi." Kijana akasema, "Unahisi mwanao hakusikilizi." Mzee akamtazama, akamwambia: "Mwanangu, nimekaa kwenye basi saa nne nzima. Hayo niliyasema mimi." Mzee alikuwa sahihi. Watu wetu wanapokuja kwa mshauri wanatarajia washauriwe, na ukiwanyima kabisa wanaona umewanyima heshima. Nifanyavyo mimi ni hivi. Kama kinachohitajika ni taarifa, natoa taarifa, wazi, bila kuzunguka: dawa inamezwa hivi, talaka inafunguliwa mahakama hii, ofisi ya ustawi wa jamii iko pale. Nikishatoa hiyo, na bado anasema "nishauri", namuuliza: "Mzee wangu, umeshajaribu lipi? Lipi lilisaidia hata kidogo? Na lingekuwa la jirani yako, ungemwambiaje?" Hapo anashauri. Anajishauri, kwa hekima ambayo mimi sina, maana ninyi mnajua msemo wetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Suala la umri lisiwatishe, ila lisichukuliwe kwa wepesi. Binti wa miaka 22 akiletewa mzee wa miaka 60, anasema shikamoo. Anasimama kumpokea, anampa kiti kizuri. Mafunzo yenu yanasema mnasihi na mteja wawe sawa; huku kwetu usawa huo unaanza kwa kumpa mtu daraja lake. Akishaheshimiwa, atakwambia mambo ambayo angeona aibu kumwambia mtu wa rika lake. Nimeona hivyo mara nyingi. Na wewe kijana, ukiona mama mtu mzima anakuita "mwanangu" na wiki ya tatu anaanza kukuletea ndizi, kumbuka yule Freud uliyemuona amepitwa na wakati. Alichokiita uhamishaji wa hisia kipo: mtu analeta kwako hisia alizonazo kwa mwingine, kwa mwanawe aliyekwenda mjini hapigi simu, kwa baba aliyempiga. Usizikatae ndizi kwa ukali, na usijifanye mwanawe. Lete habari hiyo kwa msimamizi wako.

Niende kwa Beck, maana huyu ndiye wengi mtamtumia kila siku. Aaron Beck alikuwa daktari wa akili Philadelphia, amesomea mbinu za Freud, akataka kuthibitisha kwamba huzuni kubwa ni hasira iliyogeuziwa ndani. Utafiti wake ukamkatalia, naye akawa muungwana akafuata utafiti. Kuna mgonjwa wake mmoja aliyekuwa anamsimulia mambo yake ya mapenzi huku amejaa wasiwasi. Beck akadhani wasiwasi ni wa aibu. Kumbe mwanamke yule muda wote alikuwa anawaza, "Namchosha huyu daktari." Wazo linapita haraka, halialikwi, na mwenyewe haliulizi kitambulisho. Ndiyo asili ya yale mnayoyaita mawazo yanayokuja yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mama lishe. Alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi, afya yake imetulia, ila biashara inamshinda kwa sababu, alisema, "Watu wameshajua. Wananikimbia. Sahani zinarudi." Kitabu kinasema mpe jedwali aandike: tukio, wazo, hisia, ushahidi. Mama yule hakupenda kuandika. Tukatafuta njia. Akachukua vizibo vya soda. Kila sahani ikiuzwa, anatumbukiza kizibo kimoja kwenye kopo la kushoto. Kila mteja aliyemwona anamkwepa kweli, akapita kwenda kwa jirani, kizibo kwenye kopo la kulia. Baada ya siku sita akaja na mfuko wa plastiki na makopo mawili. Tukavimwaga mezani. Vya kushoto vilikuwa 143. Vya kulia, 9. Aliviangalia kwa muda. Akavipanga vile 9 kwa mstari, akaanza kuvitaja: "Huyu ni yule fundi, ananidai. Hawa wawili walikuta wali umeisha." Akabaki na vitatu. Akasema, "Hawa watatu sijui." Nikamwambia, hawa watatu tuzungumze habari zao. Sikumwambia kwamba unyanyapaa haupo. Upo, na pengine ulikuwa kwenye vile vizibo vitatu. Lakini alikuwa amewapa hao watatu kopo zima.

Ile ni nadharia ya Philadelphia, imefanya kazi kwenye meza ya mbao, kwa vizibo vya soda, na haikupoteza kitu. Wazo lake la ndani ni kwamba mtu na mnasihi wakae upande mmoja wa meza wachunguze pamoja kama wazo lina ushahidi. Hilo halina kabila. Jedwali ndilo lenye kabila.

Lakini nimefanya kosa na Beck pia. Nilimpata mjane aliyesema, "Nitatolewa kwenye nyumba, sina pa kwenda." Nikaanza kutafuta ushahidi wa wazo hilo, kana kwamba limepinda. Halikuwa limepinda. Shemeji zake walikuwa wameshaweka kufuli chumba kimoja. Mtu ambaye wazo lake ni kweli hahitaji kurekebishwa wazo. Anahitaji kujua wapi pa kupeleka shauri la mirathi, na mtu wa kukaa naye wakati akipanga hatua. Kabla hujaligusa wazo la mtu maskini, uliza kwanza kama ni la kweli. Wengi wa walioandika vitabu tunavyosoma walikuwa wanahudumia watu waliokwisha kula.

Hapo nadhani ndipo lilipokuwa swali la binti wa asubuhi, na nataka nimpe ushahidi, asibaki na maneno yangu. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa amempoteza mgonjwa wake, binti kijana aliyejiua; familia ilishindwa kumfikisha hospitali kwa kukosa nauli ya basi, dola 15. Daktari akaamua huduma ihame hospitali. Akapewa bibi 14 katika mtaa wa Mbare. Hakuwapeleka chuo cha miaka minne. Akawafundisha tiba ya kutatua matatizo: fungua akili, chagua tatizo moja, mwinue mtu, mtie nguvu, arudi tena. Wakaketi na watu kwenye benchi chini ya mti. Mwanzoni benchi lilibeba jina la afya ya akili, na bibi wenyewe wakasema hapo hatakaa mtu. Likaitwa Benchi la Urafiki. Wala hawakusema "sonona", lile jina la kitaalamu la huzuni kubwa. Walisema kwa Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "nina mawazo". Walipofanya jaribio la kisayansi kwa watu 573, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Karibu zaidi, hapo Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai. Mwaka 2002 watafiti walichukua vijiji 30. Kabla ya kupeleka tiba waliwauliza watu wenyewe wanaumwa nini, wakapata majina mawili ya Kiganda: kujichukia na kujihurumia. Ndipo wakaleta tiba ya mahusiano iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970, wakaigeuza iwe ya vikundi, wiki 16, ikiongozwa na watu wa huko waliopewa mafunzo. Huzuni ilipungua sana. Na hapa kwetu Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote waliingizwa katika utafiti wa tiba ya fikra na tabia kwa watoto wenye kiwewe, wanasihi wakiwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Ilizidi huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. La nne lilikuwa kijijini, hapa Tanzania. Nawatajia na hilo la nne makusudi. Nadharia ikibebwa kwa uaminifu inaweza kuvuka bahari, ila hailazimiki kufika kila mlango, na mtu mkweli anahesabu na mlango ambao haukufunguka.

Angalieni kinachofanana Harare, Masaka na Moshi. Nadharia haikutupwa. Hakuna aliyesema bibi wafanye watakavyo kwa kuwa wana hekima. Bibi walikuwa na hekima tangu zamani, na watu walikuwa wanajiua. Kilichoongezwa ni mpangilio uliowazuia kurukia wosia: kwanza sikiliza, kisha mwache achague tatizo moja, kisha ndiyo mpange. Kile kile nilichokikosa mimi siku ya khanga.

Kuna jambo moja siwezi kulipita. Mtakutana na watu wanaotaka kufa. Watalisema kwa kuzunguka: "nimechoka," "heri nisingekuwepo," "nataka nipumzike tu." Muulizeni waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunamwondolea upweke wa kulibeba. Uliza kama ameshapanga, kwa njia gani, lini. Na mjue kwa nini hatawaambia kirahisi. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba yao. Huku kwetu mtu aliyenusurika anaweza kumwogopa polisi kuliko anavyokiogopa kifo. Wewe ukikaa naye, ajue mapema siri yake inaishia wapi: kwamba ukiona uhai wake uko hatarini utamshirikisha mtu mwingine, na kwamba utamwambia kabla hujafanya hivyo. Usimwache peke yake. Usibebe peke yako. Mpeleke kwa daktari mwenyewe, kwa miguu yako, usimpe kikaratasi cha rufaa ukadhani umemaliza.

Na siri. Kijijini siri ni ngumu kuliko mjini. Nesi ni shemeji yake, mlinzi ni jirani yake. Mkifika, kabla ya kufungua daftari lolote, kaeni wenyewe kwenye kile kiti cha mteja, mwenzenu asimame nje asome gazeti kwa sauti ya kawaida. Kama mnamsikia, na wa nje watamsikia anayelia ndani. Hamisheni viti. Nendeni chini ya mwembe kama chumba hakifai. Mwembe unaowaonyesha kwa watu wote bila kusikika ni bora kuliko chumba chenye dari lililo wazi.

Frankl sikumgusa, na wengine mmewasoma wengi, mtawakumbuka mkiwahitaji. Sitaki mbebe nadharia kumi. Chagueni moja ya kusimamia, muijue mpaka udhaifu wake, muazime kwa jirani inapopungukiwa, na muweze kumwambia msimamizi kila wiki: nilifanya hivi, kwa sababu hii. Ukishindwa kutaja sababu, rudi ujiulize kama ulikuwa unamtibu yeye au unajitibu wewe. Swali hilo najiuliza mpaka leo, kila Ijumaa, na msimamizi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Namsikiliza.

Jumatatu basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, hapa hapa getini. Wanaokwenda vituo vya mbali wachukue namba ya simu ya msimamizi wao leo, wasisubiri wakwame. Mimi nipo mpaka saa kumi, nitakuwa pale kwenye benchi nje ya maktaba. Mwenye jambo aje tukae. Hata kama amekuja kunisalimia tu, nitasubiri.

Ahsanteni sana.